Koteji imekosekana, dukani kuna rikota: nibadilishe gramu kwa gramu?

Habari za kazi, washauri wa safu hii.

Nina miaka 34, kilo 78, naishi Morogoro mjini. Nanyanyua vyuma siku tatu kwa wiki, na mwalimu wangu wa mazoezi amenipa mpango wa chakula wa wiki nane wenye protini nyingi: gramu 110 kwa siku. Sehemu kubwa ya protini hiyo inatoka kwenye koteji, ile jibini nyeupe ya kopo yenye punje zinazoelea kwenye krimu. Natakiwa kula gramu 200 asubuhi na gramu 150 kabla ya kulala.

Shida ni kwamba koteji huku haina uhakika. Inaletwa makopo machache kutoka Dar es Salaam, na yanaisha siku hiyohiyo. Nikajiambia jibini ni jibini, nikachukua jibini ya krimu, ile laini ya kupaka. Kopo la gramu 200 nalimaliza kwa siku mbili. Kwa kuwa hailiki kwa kijiko, naipaka kwenye mkate wa brauni, slesi mbili asubuhi na mbili usiku. Hii ni wiki ya nne. Mizani haijashuka hata nusu kilo, na ikifika saa nne asubuhi tumbo linanguruma kama vile sikunywa chai.

Juzi dukani nimekuta rikota, jibini nyingine nyeupe ya kopo. Je, nikiila badala ya koteji kwa vipimo vilevile nitakuwa sawa? Kila Jumamosi mpango una chapati za maji za koteji, mayai na oti. Rikota itafaa humo? Nilishajaribu kutengeneza jibini mwenyewe kwa maziwa ya boksi yale ya kukaa muda mrefu na ndimu, nikapata kitu kama uji, chote kikapita kwenye kitambaa. Nilikosea wapi? Jambo la mwisho: mume wangu ana presha, na anakula ninachokula. Kuna la kuangalia?

Msomaji wenu, Morogoro

*

Dada yetu wa Morogoro,

Rikota inaweza kushika nafasi ya koteji, ila si gramu kwa gramu. Lakini kabla ya rikota tuanze na hilo kopo la jibini ya krimu, kwa sababu ndilo linalokuangusha, na wala si uvivu wako mazoezini.

Koteji yenye mafuta asilimia 2 ina protini gramu 11 hadi 12 katika kila gramu 100, mafuta gramu 2 na ushei, na kalori 82 hivi. Gramu zako 350 za siku zingekupa protini gramu 40 kwa kalori kama 290. Jibini ya krimu, gramu 100 ambazo ndizo unazokula kwa siku, ina protini gramu 6, mafuta gramu 34 na kalori 350. Kisha kuna slesi nne za mkate ambazo mpango haukuzitaja: kalori 300 nyingine, pamoja na protini ya ngano gramu 10 hadi 12. Ukijumlisha, pale palipotakiwa protini gramu 40 kwa kalori 290, umekuwa ukipata protini gramu 17 hivi kwa kalori 650. Njaa ya saa nne na mizani iliyogoma vyote vimetoka hapo.

Sababu ya tofauti hiyo iko kwenye maziwa yenyewe. Protini ya maziwa imo kwenye sehemu inayobaki baada ya kuengua malai. Koteji hutengenezwa kwa maziwa yaliyoenguliwa, kisha punje zake hurudishiwa krimu kidogo tu za kulainisha. Jibini ya krimu hutengenezwa kwa maziwa yaliyoongezewa krimu tangu mwanzo, kwa hiyo mafuta yanachukua nafasi ambayo protini ingekaa. Zote nyeupe, zote laini, zote zimekaa rafu moja kwenye friji la duka, lakini mwilini zinafanya kazi tofauti kabisa. Maskapone ya Waitaliano iko kundi moja na jibini ya krimu, tena ina mafuta zaidi. Iache nayo.

Kipimo tunachokushauri ukitumie kila unapotaka kubadilisha ni kimoja, na unaweza kukifanya palepale dukani kwa simu: chukua kalori zilizoandikwa kwa gramu 100, gawanya kwa gramu za protini zilizoandikwa kwa gramu 100. Jibu linakuambia kila gramu ya protini unailipia kalori ngapi. Koteji ya asilimia 2 inatoa 7. Mtindi mzito uliochujwa usio na mafuta, ule unaouzwa kama mtindi wa Kigiriki, unatoa 6. Rikota ya maziwa yaliyopunguzwa mafuta inatoa 12 hivi. Rikota ya maziwa kamili inaanzia 15 na kupita 20. Paniri ya Wahindi iko kwenye 16, feta, ile jibini ya chumvi ya Wagiriki, kwenye 19. Jibini ya krimu inatoa 58. Kwa mpango kama wako, kinachozidi 12 kiingie kama kiungo cha kuonja, si kama nguzo ya mlo.

Sasa rikota. Jina lake kwa Kiitaliano lina maana ya kilichopikwa tena, na linaeleza asili yake: maji yanayobaki baada ya kutengeneza jibini nyingine huchemshwa upya mpaka nyuzi joto 80 hadi 90, na protini iliyokuwa imebaki majini inaganda na kuelea juu. Siku hizi viwanda vingi huongeza maziwa kamili, na wengine hata krimu, ili ipatikane nyingi na iwe laini. Ndiyo maana makopo mawili yenye neno rikota yanaweza kutofautiana sana: moja lina protini gramu 7, jingine 11; moja lina mafuta gramu 8, jingine 13. Usinunue kwa jina. Geuza kopo usome jedwali la nyuma. Kama kwenye viungo krimu imetajwa mwanzoni mwanzoni, hiyo ni ya keki.

Ukipata ile ya mafuta yaliyopunguzwa, yenye protini 11, mafuta 8 na kalori 140 kwa gramu 100, kifungua kinywa chako kitakuwa hivi: gramu 150 za rikota pamoja na ute mweupe wa mayai mawili. Hapo una protini gramu 24 na kalori 240. Koteji ingekupa protini 23 kwa kalori 165, kwa hiyo umezidi kalori 75. Zifidie kwa kupunguza vijiko viwili vya chai vya mafuta ya kupikia kwenye mlo wowote wa siku hiyo, maana kijiko kimoja cha chai cha mafuta ni kalori 40. Ukipata ya maziwa kamili pekee, shusha rikota iwe gramu 100 na ute uwe wa mayai manne. Protini itabaki 23 na kalori zitakuwa 230 hivi. Viini usivitupe, wape watoto au weka kwenye mboga. Ukitaka kula yai zima badala ya ute wa mayai mawili hakuna ubaya, ila hesabu kalori 70 badala ya 34.

Pengine umesikia kwamba koteji ndiyo jibini ya usiku kwa sababu protini yake, kasini, humeng'enywa polepole, ilhali protini ya rikota halisi ya maji ya jibini hufyonzwa haraka. Ni kweli kwamba zinatofautiana hivyo. Lakini kwa mtu anayenyanyua vyuma siku tatu kwa wiki, jumla ya siku nzima ina uzito kuliko saa ya kula. Gramu 110 kwa kilo zako 78 ni gramu 1.4 kwa kila kilo ya mwili, na wanaofanya mazoezi ya nguvu hushauriwa kati ya 1.2 na 2.0, kwa hiyo lengo lako liko mahali pazuri. Lifikie kila siku, ukigawanya gramu 25 hadi 30 kwa mlo.

Kuhusu chapati za maji za Jumamosi: rikota inafaa, na watu wengi huipenda zaidi kwa sababu haina chumvi kali wala punje. Kuna mambo mawili yatakayokuharibia usipoyajua. Koteji huja na majimaji yake, rikota huwa nzito. Kwa kila gramu 200 za rikota ongeza vijiko viwili au vitatu vya chakula vya maziwa, vinginevyo rojo halitatandaa na chapati itaiva nje ndani ikabaki mbichi. La pili ni uchachu. Koteji ina tindikali ya kutosha kuamsha bekingi soda, rikota haina. Ukibadilisha bila kugusa kitu kingine, soda haitafanya kazi yote, chapati zitalala na kuacha ladha ya sabuni mdomoni. Weka kijiko kimoja cha chai cha maji ya ndimu kwenye rojo, au acha soda utumie bekingi pauda. Ongeza chumvi kidogo sana, na mimina kwenye kikaango chenye moto wa wastani kuelekea mdogo, kwani sukari ya maziwa huungua upesi. Na usingoje iyeyuke kama jibini ya pitsa. Rikota, koteji na paniri zimegandishwa kwa tindikali, na hizo moto hauziyeyushi. Zinabaki zilivyo au zinakauka.

Tuje kwenye uji wako wa ndimu. Hukukosea mkono, ulikosea maziwa. Maziwa ya boksi ya kukaa muda mrefu yamepitishwa kwenye joto kali sana kiwandani, zaidi ya nyuzi 135 kwa sekunde chache. Kwenye joto hilo protini za majimaji hujishikiza kwenye kasini na kuizuia isishikane yenyewe kwa yenyewe. Ukitia ndimu yanakatika, lakini kwa chembe ndogo, dhaifu, zinazopenya kitambaa. Hata kimeng'enya cha jibini huyashindwa. Protini yote imo, haijapotea. Imekataa tu kuwa punje. Kama hayo ndiyo pekee uliyonayo, yakate, usiyakoroge tena, yaache yapoe kabisa, kisha yaning'inize kwenye kitambaa kizito ndani ya friji usiku kucha. Utapata kitu laini kama rikota, kinachofaa kwenye chapati za maji. Chenga hutapata.

Kwa chenga tafuta maziwa freshi. Morogoro hayana shida. Kama unachukua kwa mfugaji au kwenye kituo cha kukusanyia maziwa, angalia wanapima kwa laktomita, kifaa kinachoonyesha uzito wa maziwa ukilinganisha na maji. Maziwa yasiyotiwa maji husoma karibu 1.028 hadi 1.032. Lita ya maziwa iliyochanganywa maji utailipia bei kamili, halafu jibini itoke kiganja kimoja, na wewe ujilaumu kwamba hujui kupika. Yachemshe, yapoe, yalaze kwenye friji, asubuhi engua malai yote ya juu kwa kijiko. Hapo umetoa sehemu kubwa ya mafuta, si yote. Maziwa ya pakiti ambayo kiwanda kimeyasaga mafuta yake hayatengi malai hata ukiyalaza siku mbili, kwa hiyo hayo nunua yale yaliyoandikwa mafuta asilimia 1.5 au pungufu.

Chukua lita 2. Suuza sufuria nzito kwa maji baridi usiifute, ndipo umimine maziwa. Hayatashika chini haraka. Washa moto wa wastani, kwangua chini kwa mwiko wa mbao muda wote. Yakifika nyuzi 90, yaani mvuke umepanda na vipovu vimezunguka ukingo lakini hayajaumuka, ipua. Joto hilo lina maana yake. Chini ya hapo, sehemu ya protini ya majimaji hubaki imeyeyuka na utaimwaga pamoja na maji; ikifika hapo inajikunja na kushikana na kasini, na mavuno yanaongezeka.

Uwe umeshakamua maji ya ndimu mililita 80, ambayo ni ndimu tatu au nne zenye maji, ukachuja mbegu na kuchanganya na maji ya uvuguvugu kiasi hichohicho. Siki nyeupe ya asilimia 5 nayo inafanya kazi kwa kipimo kilekile. Mimina theluthi moja, zungusha mwiko mara tatu au nne taratibu, subiri dakika moja. Mimina theluthi ya pili, fanya vilevile. Ya mwisho mimina kidogo kidogo ukitazama maji. Yakigeuka kuwa maangavu yenye rangi ya kijani-njano, simama hapohapo, hata kama ndimu imebaki. Yakiwa bado meupe kama maziwa mepesi, ongeza kijiko kimoja kimoja. Walio wengi huharibu hapa kwa haraka: ndimu yote kwa mkupuo mmoja, halafu mwiko kwa nguvu. Matokeo ni unga mkali usiolika. Wengine huacha sufuria motoni baada ya maziwa kukatika, na punje zinakauka na kuvutika kama mpira. Funika, acha dakika kumi.

Tandaza kitambaa cha pamba juu ya chujio. Melikani inafaa, na kanga kuukuu inafaa pia ikishachemshwa kwa maji matupu. Sabuni yenye manukato inahamia kwenye jibini. Mimina, kisha suuza punje kwa maji yaliyochemshwa yakapozwa, vikombe viwili, ukizichambua kwa vidole. Hatua hii huondoa uchachu wa ndimu na kuzifanya punje zisigandamane. Acha yachuruzike dakika 20 hadi 30. Usikamue wala usiweke jiwe juu, kwa sababu ukikandamiza umeshatengeneza paniri.

Sasa pima kwa mizani ya jikoni, na hapa ndipo utapata namba yako mwenyewe badala ya ya kopo. Lita 2 za maziwa zina protini gramu 66 hivi. Kwa njia hii gramu 55 hadi 60 zinabaki kwenye punje. Ukipata gramu 420, gawanya 57 kwa 420, una protini gramu 13 hadi 14 kwa kila gramu 100, juu kidogo ya koteji ya dukani. Mafuta yatategemea umeengua kiasi gani, mara nyingi gramu 5 hadi 7, na kalori zitazunguka 115 hadi 120. Ukigawanya, kila gramu ya protini inakugharimu kalori 8 au 9. Usishtuke mavuno yakibadilika wiki hadi wiki. Jibini yenye maji mengi ina uzito zaidi na protini pungufu kwa gramu 100, lakini protini ya sufuria nzima ni ileile. Kwa hiyo njia rahisi zaidi ni kugawa sufuria nzima sehemu tatu kila unapopika: kila sehemu ina protini gramu 18 au 19, mizani isikusumbue. Lainisha kwa vijiko vitatu vya mtindi usio na sukari na robo kijiko cha chai cha chumvi.

Ukiwa huna maziwa freshi, unga wa maziwa yaliyoenguliwa unaweza kutumika: gramu 200 kwa lita 1.8 za maji, ukae saa moja kabla ya kupasha. Soma pakiti kwa makini. Baadhi ya unga unaouzwa kwa bei nafuu umechanganywa mafuta ya mimea, na huo protini yake ni ndogo. Punje zake pia huwa ndogo kuliko za maziwa freshi.

Kwa mlo wa usiku kuna njia isiyohitaji moto kabisa. Lita moja ya mtindi mtupu wenye mafuta kidogo, usio na sukari wala vanila, ining'inize kwenye kitambaa ndani ya friji saa 8 hadi 12. Itabaki gramu 400 hivi, yenye protini kama 7 kwa gramu 100. Gramu 250 zinakupa protini 17, sawasawa na zile gramu 150 za koteji. Ni bakuli lililojaa, na kwa mtu anayelala na njaa hilo ni jema. Kama ladha ya uchachu hukuikubali, badilisha kabisa: gramu 65 za sato aliyepikwa bila mafuta zina protini hiyohiyo, na gramu 30 za dagaa wakavu zinakaribia hapo. Mpango wako unahitaji protini. Jibini ni njia mojawapo tu, na kwa bei za Morogoro si njia rahisi.

Paniri itumie kama nyama, gramu 80 kwenye mchuzi wa nyanya, usiifanye ya kula kwa kijiko. Mozarela nayo ina protini nzuri, lakini mafuta yake yanakimbizana nayo. Jibini ngumu, kama ile ya Masisi huko Kongo inayofanana na gauda, ina protini nyingi kuliko zote hizi ila kalori zake zinazidi 300 kwa gramu 100. Gramu 30 zinatosha.

Kuhusu presha ya mume wako, tunafurahi umeuliza, kwa sababu hapa koteji ina doa ambalo watu wa mazoezi hawalitaji. Ya dukani ina sodiamu miligramu 350 hivi kwa gramu 100. Akila gramu 350 kama wewe, ameshapata miligramu 1,200, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi miligramu 2,000 kwa siku nzima, chumvi ya ugali na mchuzi ikiwamo. Rikota ina miligramu 80 hadi 100 tu, kwa hiyo kwake yeye rikota ni bora kuliko koteji, mafuta yake yakiangaliwa. Ya nyumbani, kwa ile robo kijiko ya chumvi, inatoka miligramu 140 hadi 150 kwa gramu 100, na fungu lake unaweza kulitenga kabla ya kutia chumvi. Mpe na bizari ya pilau kidogo, kitunguu majani na ndimu, hataulizia chumvi. Feta isiingie kwake kabisa, inapita miligramu 900. Presha ya muda mrefu inaweza kugusa figo, na figo zilizodhoofika hazitakiwi kubebeshwa protini nyingi. Kabla hajakufuata kwenye gramu 110, aombe kipimo cha damu cha kreatinini na cha mkojo kliniki anakotibiwa. Akiambiwa figo ni nzima, basi. Akiambiwa vinginevyo, mlo wake utapangwa na daktari wake.

Kama tumbo hujaa gesi baada ya koteji au rikota, ni sukari ya maziwa. Zote zina gramu 3 hadi 4 kwa gramu 100. Jibini ya nyumbani iliyosuuzwa ina pungufu, na mtindi wengi huuvumilia vizuri. Maziwa mabichi yasitumike hata kwa jibini ya siku moja, na kupashwa vuguvugu hakutoshi: homa ya kutupa mimba ya ng'ombe na kifua kikuu hupita humo.

Jibini yako ya nyumbani haina kinga yoyote ya kiwandani. Kwenye friji la nyuzi 4 ikae siku tatu, basi. Umeme ukikatika, usifungue friji. Ukikatika kwa muda unaozidi saa nne, pika iliyobaki siku hiyo iwapo bado ni baridi, na kama imepata joto itupe. Mezani isizidi saa mbili, na kwenye joto la Februari la Morogoro saa moja. Rikota ya kopo ikishafunguliwa iishe ndani ya siku tano, na ichotwe kwa kijiko kikavu. Ikigeuka rangi ya waridi au ikitoa harufu ya hamira, usikwangue juu ukala ya chini. Kugandisha kunaharibu punje, zinatoa maji zikiyeyuka, ila kwa chapati za maji hakuna atakayegundua.

Kwa wiki hii iliyobaki fanya hivi: jibini ya krimu iliyofunguliwa waachie watoto na mkate wao. Jumatano na Jumamosi pika lita 2, mafungu matatu kila mara, moja kila asubuhi pamoja na yai moja zima. Hiyo inakupa protini gramu 24 au 25 mezani siku sita, na siku ya saba tumia rikota kwa kipimo tulichokupa. Usiku kula mtindi wa kuchuja au samaki. Jipime Jumatatu asubuhi kabla ya kula, na baada ya wiki mbili jipime tena saa ileile.

Na maji ya kijani-njano yanayobaki, lita moja na nusu hivi, usiyamwage. Protini yake ni kidogo, haizidi gramu 10, lakini chapati ya kusukuma iliyokandwa kwa hayo badala ya maji huwa laini mpaka kesho yake, na uji wa lishe wa watoto unapata uchachu mzuri bila ndimu. Kwenye friji yakae siku mbili.